Pikipiki Iliyozimwa Kutoka Dukani

Pikipiki yangu ilipokufa juu ya Gonja, maziwa yalikuwa yameshaanza kunivuja. Naanza na maziwa kwa sababu kila ninayemsimulia kisa hiki anaanza na betri. Wanaume hasa. "Ulicheki fyuzi?" Niliicheki. Tutafika kwenye fyuzi. Kwanza ujue kwamba upande wa pili wa kilima, nyumbani kwa mama yangu, kulikuwa na mwanangu ambaye hata jino alikuwa hajaota, asiyetaka kikombe, kijiko wala chupa. Alijua ziwa tu, na ziwa lilikuwa limekwama na mimi barabarani.

Pikipiki ni yangu. Hilo nalo nalisema mapema, maana watu wakiniona naipaki huniuliza mwenyewe yuko wapi. Niliinunua kabla sijaolewa, kwa mzungu mmoja aliyetaka kuizunguka Afrika, akafika Same, akaitazama ramani, akachoka. Ni pikipiki ya safari ndefu, ina kioo cha kukinga upepo na masanduku mawili ya bati ubavuni. Wakati ule nilikuwa nanunua tangawizi kwa kina mama wa milimani na kuishusha Hedaru kwenye malori. Walizoea kuniona nyuma ya bodaboda, magunia yakinibana. Siku moja wakaniona nimelikalia lile dude mwenyewe, miguu ikigusa chini kwa ncha za vidole. Walicheka. Niliwaacha wacheke. Nilishakwenda nalo Lushoto, Singida, mpaka Mbeya, na mvua ya Kitonga imeninyeshea mpaka kwenye mifupa. Mume wangu nilikutana naye kwenye msafara wa namna hiyo. Alikuwa na pikipiki yake, ndogo kuliko yangu, na alinisifia mbele za watu kwamba kwenye kona haniwezi. Kwa hiyo asiseme hakujua anaoa nani.

Yeye ana duka la vifaa vya simu Same mjini. Makava, chaji, spika ndogo, vitu vya namna hiyo. Kitu chochote chenye kitaa cha bluu kikiingia dukani lazima kwanza kijaribiwe kwenye pikipiki yangu, kwa sababu ni kubwa na ina nafasi. Aliweka taa za ziada, soketi mbili za kuchajia simu, spika, kamera, na kidude cha kusoma upepo wa matairi, kama vile tairi huwezi kulipiga teke ukajua. Siku moja tulisimama Hedaru kula mahindi ya kuchoma, injini imezimwa, spika inaimba, taa zinawaka mchana kweupe ili watu waone. Tulipotaka kuondoka, stata ikalia tik, tik, basi. Akailaumu betri. Akanunua nyingine, nayo ikafa. Mimi fizikia ya kidato cha nne niliifaulu, wala si kwa kubahatisha. Nikamwambia: vidude vyako vinakula umeme kuliko unaozalishwa tukienda taratibu, hata ukiniwekea betri ya basi itakufa. Nikaving'oa vyote kwa mkono wangu, nikamwachia soketi moja. Betri haikufa tena. Alinuna, na sasa najua kwamba mtu anayenuna hivyo huwa anatafuta pa kurudia.

Nilipojifungua nilipanda kwa mama, kama tunavyofanya kwetu kwa mtoto wa kwanza. Nikalishwa uji na supu, nikakatazwa kushika jembe wala ndoo. Nilipopata nguvu nikamwambia mume wangu aniletee pikipiki, nataka iwe pale nilipo. Akaileta. Aliifanyia sevisi kwanza, alisema, akashinda nayo siku nzima uani kwa fundi. Akaniachia ufunguo, akashuka kwa gari la abiria. Wakati wa kuaga alisema, "Lakini usiiguse mpaka mtoto atembee."

"Nani kasema?"

"Mimi nasema. Pikipiki na kunyonyesha haviendi pamoja."

Nilimuuliza ni kiungo gani cha mwili anachofikiri ninaendeshea. Mama akakohoa, akaingia ndani.

Sasa siku yenyewe. Mnunuzi wa tangawizi alikuwa Kihurio, amekuja kuchukua mpunga, na akasema akiona mzigo wangu kwa macho atauchukua wote. Kina mama wa juu walikuwa wamenisubiri tangu nizae. Nikamnyonyesha mtoto mpaka akalegea, nikafunga sampuli kwenye sanduku, nikavaa koti na helmeti. Mama akanitazama nikiwasha.

"Nenda urudi," alisema. "Huyu hana subira. Amekufuata wewe."

Nilifika, mnunuzi akavunja tangawizi, akainusa, tukakubaliana, nikageuza. Mahesabu yangu yalikuwa sawa kabisa. Nilikuwa nafika kabla mtoto hajaamka vizuri. Napanda, kona baada ya kona, injini inaunguruma vizuri, na mbele ya shati pameanza kulowa kidogo, yaani maziwa yameshajua tunaelekea nyumbani.

Pale juu kabla ya kushuka kwenye daraja kuna jiwe. Tunaliita jiwe la simu, kwa sababu mtandao wa kueleweka wa upande ule wote uko pale peke yake. Ukitaka kuongea na mtu wa Same au Dar unapanda pale unasimama. Wengine huja na stuli. Nilipolifikia lile jiwe tu, injini ikakatika. Pikipiki ikiishiwa mafuta hukohoa kwanza, inakupa taarifa. Hii haikukohoa. Ilinyamaza kama redio uliyochomoa waya. Nyuma yangu lilikuwa lori la mbao, nalo lilipiga honi ndefu, likanipita kwa kunikwangua upepo. Kwa bahati nilikuwa nimeshafika kileleni, kwa hiyo niliiachia iteremke yenyewe mpaka darajani, nikaibana pembeni, nikashusha stendi.

Basi, fyuzi. Nilifungua kiti, nikatazama fyuzi moja moja: nzima. Betri: nguzo zimekaza. Taa zinawaka, honi inalia. Swichi ya stendi, ile inayokata injini stendi ikiwa chini, niliisafisha na pindo la kanga. Nikabonyeza stata. Kimya. Hata ile tik, tik haikuwepo. Nilijua hapo kwamba umeme ninao wa kutosha ila kuna mahali umezuiwa. Ila sikujua na nani. Nikafikiri nipande mpaka kwenye jiwe niwaulize wenzangu wa kundi letu la wasafiri wa pikipiki, kuna wawili watatu wanaojua umeme. Nikapanda kwa miguu, buti zangu nzito, kifua kimejaa kama mawe.

Simu ilipopata mtandao ilitetemeka mfululizo mkononi. Nilifungua kundi kabla ya kitu kingine. Mume wangu alikuwa ameweka picha ya ramani yenye mstari mwekundu unaopanda kutoka Kihurio, na chini yake ameandika: "Wakuu, ile GPS niliyowaambia inafanya kazi. Shemeji yenu katoka na pikipiki kamwacha mtoto. Nimeizima nikiwa hapa dukani. Akiingia kwenye mtandao tu, kwisha."

Wakuu wakajibu.

"Mkuu wewe ni hatari!"

"Nifungie na mimi, wa kwangu kila wiki yuko kwao."

"Atarudi kwa miguu leo, hahaha."

Halafu mmoja, mtu mzima kidogo, akauliza: "Mkuu, si na shemeji yumo humu kundini?"

Baada ya hapo hakuna aliyeandika. Na wakati nasoma, ule ujumbe wa kwanza ukafutika mbele ya macho yangu. Mume wangu alikuwa anafuta. Nilimwona anavyofuta, kama ninavyokuona wewe.

Nikampigia.

"Mke wangu! Uko salama? Mimi nilidhani mwizi ka..."

"Nimesoma kabla hujafuta. Washa pikipiki."

Nilisikia spika za dukani zinaimba nyuma yake. Akazipunguza.

"Nimeshatuma amri ya kuwasha. Tangu muda ule. Pikipiki iko wapi?"

"Darajani."

"Ah. Darajani hakuna mtandao. Ujumbe hauwezi kuifikia. Isukume mpaka kwenye jiwe, itawaka yenyewe."

"Uje uisukume wewe."

"Sasa mimi niko Same..."

"Ulipokuwa unaizima hukuwa Same? Nyuma yangu kulikuwa na lori la mbao. Ulijuaje kama nyuma yangu hakuna gari?"

Akasema, kwa sauti ndogo, "Ramani haionyeshi magari."

"Mtoto ana njaa."

"Mama yupo, atampa kwenye kikombe. Lazima azoee kikombe. Mke wangu, hasira..."

"Waya umeziunga wapi?"

"Usiguse! Utaunguza kompyuta ya pikipiki!"

"Umeunga wapi?"

"Chini ya kiti, upande wa kushoto, lakini nakuomba..."

Nikakata.

Nilipokuwa nateremka nikamkuta bibi mmoja amesimama karibu na pikipiki, mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani, analitazama dude kama mtu anayetazama ng'ombe wa jirani aliyeingia shambani.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Limelala?"

"Limezimwa. Mume wangu kalizima."

Akageuka kutafuta. "Yuko wapi?"

"Yuko Same."

"Yuko Same, na amelizima hapa. Kwa mkono upi?"

"Kwa simu, bibi."

Aliutua mzigo. Akalifikiria jambo hilo, kisha akacheka mpaka akashika kiuno. "Mmeendelea sana. Wa kwangu alikuwa anaficha viatu."

"Ukafanyaje?"

"Nilikwenda pekupeku. Wewe, maziwa yanamwagika. Mtoto yuko wapi?"

Nikamwonyesha kwa kidevu, juu ng'ambo. Akasema basi acha kuongea, na akashika kiti kisinibane mkono wakati nachimbua.

Sikuwa na wasiwasi na waya. Waya za kiwandani zimevikwa mirija, zimefungwa vizuri, zina rangi zake. Waya za mume wangu nilizitambua mara moja: zimezungushiwa tepu nyeusi nyingi kama kidonda, na tepu imejikunja ncha kwa sababu hana subira ya kuikata kwa mkasi. Nikazifuata kwa kidole. Zikanipeleka kwenye kiboksi cheusi kidogo kama kiberiti, ndiyo GPS yenyewe, kimesukumwa nyuma ya betri, na pembeni yake rilei, kile kiswichi kinachofunguka na kujifunga kwa umeme. Alikuwa ameukata waya wangu mmoja wa kuwashia, akazipitisha ncha zake mbili kwenye rilei. Yaani kabla umeme haujafika kwenye injini yangu, ulikuwa unapita kwanza kwake kuomba ruhusa.

Nilichomoa waya wa betri kwanza, ili nisije nikaunguza kitu akapata la kusema. Nikakata pande zote mbili za rilei kwa plaizi. Nikamenya ncha kwa meno. Nikazisokota pamoja, waya wangu kwa waya wangu, nikazungushia ile ile tepu yake, safari hii imekaza. Nikarudisha betri.

"Litawaka?" bibi akauliza.

"Litawaka."

Nikabonyeza. Likawaka mara moja, na bibi akaruka nyuma na kupiga makofi. Nilitaka kumbeba na majani yake. Akakataa kabisa, akasema yeye bado anajipenda. Kile kiboksi, rilei na vipande vya waya nilivitia mfukoni.

Nilimsikia mwanangu kabla sijazima injini. Kilio kilikuwa kimeshakauka, kile cha mtoto aliyelia mpaka sauti imekwaruza, analia anapumzika, analia anapumzika. Mama alikuwa barazani, kanga yake imelowa maziwa ya ng'ombe, kikombe kimekaa chini, kijiko kimeangukia huko. Shingo ya mtoto ilikuwa inanata. Alikuwa amepigana na kikombe kweli, na hakukubali hata tone. Mama alinivua koti huku mimi nafungua vifungo, na mtoto akashika ziwa kwa nguvu mpaka nikauma mdomo. Alinyonya huku anashtuka shtuka na kile kikwifukwifu cha kilio. Jicho moja lilinitazama muda wote. Sitalisahau lile jicho. Mtu mzima mmoja alikaa dukani akacheka na wenzake, na malipo yakatozwa kwa mtu asiyejua hata kukaa.

Mume wangu alikuja kesho yake na gari la asubuhi, na pakiti kubwa ya nepi mkononi kama ngao.

"Shikamoo mama."

"Marahaba," mama akasema, akamsogezea kiti, akakaa naye akamtazama.

Watu hutucheka sisi Wapare kwamba tunapenda kesi, kwamba tutauza ng'ombe tupate nauli ya kwenda kushitaki kuku. Wacheke. Ila mimi siku ile sikutaka kesi ndefu. Niliweka kiboksi juu ya meza, pamoja na rilei na vipande vya waya, nikamwambia aseme.

Alisema aliogopa. Alisema aliiona ile alama inatembea kwenye ramani akamwona mtoto hana mama. Alisema mkono ulibonyeza kabla kichwa hakijafika. Alikuwa anatazama kile kiboksi muda wote, si mimi.

"Hofu nakuamini," nikasema. "Lakini hofu haikukutuma uandike kwenye kundi."

Akageuzageuza kipande kimoja cha waya pale mezani.

Nikamwambia yangu. Ile GPS itarudi kwenye pikipiki, maana wezi wapo, lakini rilei hairudi, na laini ya simu iliyomo ndani yake itakuwa yangu, na neno la siri nitalijua mimi. Pili, atoe simu aandike kundini, mle mle, kwamba aliizima pikipiki ya mwenyewe ikiwa inatembea na lori liko nyuma, na asiweke kicheko mwishoni. Alitaka kuandika akirudi Same. Nikamwonyesha kilima. Alipanda mpaka kwenye jiwe kwa miguu, akaandika, akarudi ametota jasho. Nilikuja kusoma baadaye. Aliandika vizuri. Yule aliyetaka afungiwe na yeye hakurudia ombi lake.

Mama akadhani yamekwisha, akainuka kuchochea makande. Nikamwambia bado moja.

Nilimnyonyesha mwanangu mpaka akatosheka, nikamweka mikononi mwa baba yake. Nikaweka kikombe na kijiko mezani pale pale vilipokuwa vipande vya waya.

"Mimi natoka kidogo," nikasema. "Akihitaji, ulisema lazima azoee kikombe."

"Unakwenda wapi?"

Mama aliniangalia, kisha akaenda kukaa jikoni, akafunga mlango. Mama yangu si mtu wa maneno mengi.

Niliteremka mpaka Maore. Sikuwa na shughuli. Niliendesha tu, kona zangu nazijua, upepo umeingia ndani ya koti, pikipiki imetulia kati ya magoti, na hakukuwa na kidole cha mtu Same wala kokote kilichokuwa juu yake. Nikapumzika kidogo chini ya mteremko, nikanywa maji, nikageuza. Kwenye jiwe la simu nikasimama kwa hiari yangu, nikashusha stendi, nikakaa juu ya jiwe. Injini nikaizima mwenyewe.

Simu iliita hapo hapo. Alikuwa ametoka na mtoto mpaka kule nyuma ya nyumba penye upenyo hafifu wa mtandao, wa kupigia tu, maana sauti ilikuwa inakatika. Nyuma yake nilisikia kilio kimeanza, bado kibichi, cha hasira.

"Mke wangu, anakataa kikombe."

"Umejaribu kijiko?"

"Nimejaribu. Amekipiga teke. Amenimwagia yote. Anakataa kabisa, anakataa, sijui nifanyeje, rudi."

Ningeweza kukaa pale nikamwacha aonje kama nilivyoonja. Nilikuwa na haki hiyo. Lakini mtoto hakuwa na kosa, na mbele ya shati palikuwa pameshaanza kulowa.

"Nakuja," nikasema, nikabonyeza stata.